Maji ya mabonde ya Powys: miji ya England itozwe mrabaha?

Mleta mada

Wadau, maji yanayotoka mabonde ya Powys, Wales, kwenda miji ya England yatozwe mrabaha kama madini? Mimi nasema ndiyo.

Chukueni bonde la Elan, jirani na mji mdogo wa Rhayader. Mwaka 1892 Bunge la London liliipa halmashauri ya Birmingham mamlaka ya kutwaa ardhi ya huko. Watu wapatao 100 wakahamishwa. Waliofidiwa ni wenye ardhi tu. Wapangaji wakaondoka mikono mitupu. Mwaka 1904 Mfalme Edward VII akazindua mabwawa, na tangu hapo maji yanasafiri kilomita 118 hadi Birmingham kwa mteremko, bila pampu. Mteremko wenyewe ni kama mita 52 tu safari nzima, ndiyo maana maji huchukua takriban siku moja na nusu kufika. Uhandisi wa James Mansergh nauvulia kofia. Ugomvi wangu ni wa malipo.

Kaskazini mwa Powys hali ni ile ile: kijiji cha Llanwddyn kilizamishwa miaka ya 1880 kwa ajili ya Liverpool. Leo pale ni Ziwa Vyrnwy, watalii wanapiga picha.

Mchangiaji, Birmingham

Mkuu, maji hayo ndiyo ninayosongea ugali, kwa hiyo nina maslahi. Mji huu ulikuwa unaua watu kwa maji machafu ya visima. Ukakopa, ukajenga, ukalipa. Mvua hainyeshi kwa jasho la mtu wa Powys. Tena Severn Trent, kampuni ya maji ya huku kwetu, hawachukui bure: wananunua kwa mkataba kutoka Dŵr Cymru, kampuni ya maji ya Wales, ambayo ndiyo yenye mabwawa ya Elan. Ukiweka mrabaha, atakayeumia ni mama mwenye watoto wanne pale Handsworth, mtaa wa hapa Birmingham.

Mleta mada

Hoja ya ujenzi naikubali nusu. Lakini mbona bili za Dŵr Cymru huwa juu kuliko za Severn Trent? Aliye kwenye chanzo analipa zaidi ya aliye mwisho wa bomba!

Mchangiaji, Birmingham

Hilo ni jiografia, si dhuluma. Wales ina vijiji vilivyotawanyika milimani na pwani ndefu inayodai mitambo ya majitaka. Usichanganye mambo.

Mchangiaji mwingine

Mnagombea bei na mto wenyewe unachafuka. Elan inamwaga maji kwenye mto Wye, na bonde la Wye, kuanzia Powys hadi Herefordshire, limejaa mabanda: kuku zaidi ya milioni 20. Samadi yao ina fosforasi. Mvua inaisomba hadi mtoni, mwani unastawi, mimea ya chini inakosa mwanga. Mwaka 2023 Natural England, taasisi ya serikali ya kulinda mazingira, ilishusha hadhi ya Wye upande wa England na kusema unazidi kuzorota. Kama ni tozo, ianzie mabandani.

Mleta mada

Kuku waanzishiwe uzi wao, nitakuja kuunga mkono. Hapa nabaki kwenye maji yanayouzwa.

Na ndugu yangu wa Birmingham, tuseme Elan ni mkataba wa zamani, tuuache. Vipi kuhusu Vyrnwy? Kampuni za maji zimekuwa zikipigia hesabu mpango wa kufungulia maji ya ziwa hilo yaingie mto Severn, kisha yavushwe hadi mto Thames yawafae watu wa kusini-mashariki mwa England. Huko huwezi kujikinga na ile hoja yako ya mji uliokopa na kujenga karne ya 19. Ukifanyika, uwe na bei mpya, na sehemu ya fedha ibaki Powys kwenye barabara na mabasi ya vijijini badala ya kuishia Cardiff, mji mkuu wa Wales. Kwa hili una pingamizi gani?

Mchangiaji, Birmingham

London walipe. Hapo sina ugomvi na wewe.