Mrejesho: Krismasi ya Moshi na wageni wa Korea

Niliuliza kama machalari (ndizi za kupika na nyama) na pilau vingewafaa wageni sita kutoka Korea Kusini, siku ya Krismasi. Asanteni kwa ushauri, wakuu.

Machalari yaliisha kabla ya pilau. Tulikuwa watu kumi: nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 2, ndizi mshare 35. Nyama ichemke peke yake karibu saa moja na nusu, ndipo ndizi ziingie. Zikianza pamoja, zinavurugika nyama ikiwa bado ngumu. Ndizi ukimenya, tupa kwenye maji papo hapo zisiwe nyeusi. Aliyesema nipake mafuta mikononi dhidi ya utomvu, ubarikiwe.

Pilau lilikuwa bokoboko kidogo. Kosa langu: mchele kilo 1 niliuloweka nusu saa, kisha nikaweka maji yaleyale lita 2 ya mchele mkavu. Ukiloweka, punguza.

Wali wa kwao ni wa punje fupi, unashikana, na huula kwa kijiko. Vijiti ni vya mboga na nyama. Kwa hiyo vijiko vya supu vinatosha, msihangaike kutafuta vijiti mjini. Kachumbari jaza bakuli mbili, maana wamezoea mboga za pembeni kama kimchi. Pilipili weka kando.

Anza kumpakulia mkubwa kwa umri. Kwao wadogo humsubiri aanze. Kupokea kwa mikono miwili na kuvua viatu mlangoni, hapo hakuna la kufundishana.