Naomba ushauri: "majembe mapya" yameniponza

Katibu wa Kata: Wakuu, habari zenu. Mimi ni katibu wa timu ya mpira ya kata huku Mvomero. Tumesajili vijana watatu, nikabandika tangazo kwenye mti wa gulioni: "MAJEMBE MAPYA YAMEWASILI! NJOO UYAONE JUMAMOSI SAA 10 JIONI, UWANJA WA SHULE." Jumamosi wakaja wazee wanne, na mama mmoja akaniuliza yanauzwa na mpini au bila mpini. Mwenyekiti kanijia juu, anataka tangazo jingine. Niandikeje? Halafu, jembe "limetua" au "ametua"?

Kiazi Kitamu: Hahaha! Mama kauliza la maana. Dukani unapewa chuma, mpini ujijue. Winga wako anao?

Mzee wa Benchi: Kosa si neno, ni mwezi. Novemba watu wanaandaa mashamba, unategemea wasikie nini? Simba Day, siku ya klabu ya Simba kutambulisha wachezaji wake, ilizoeleka kufanyika 8 Agosti, siku ileile ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Redio hiyohiyo asubuhi jembe ni la mkulima, jioni jembe ni beki wa kati, na hakuna anayechanganya, kwa sababu timu imeshatajwa. Wewe tangazo lako halina hata neno mpira! Na usimwite kila anayesajiliwa jembe. Jembe ni yule anayekaba dakika 90 jezi imelowa. Mwenye chenga ni fundi.

Mchagua Jembe: ...si mkulima. Kocha wenu anajua?

Mwalimu wa Zamu: Kuhusu upatanisho: "jembe jipya limetua" ni sawa, hata kama lina miguu miwili. Ukitaja mtu, fuata mtu: "Kiungo huyo, jembe la kazi, ametua." Hiyo "jembe mpya ametua" ya mitandaoni inaniuma masikio, ingawa najua nimeshashindwa.

Wa Kitale: Huku kwetu jembe ni la shambani tu, hata tukiongea Kizungu tunasema jembe. Ukiniambia klabu imeleta majembe, nitajua uwanja unapandwa mahindi.

Katibu wa Kata: Asanteni. Niliandika "WACHEZAJI WAPYA WATATU", mwenyekiti akasema limepooza. Sasa linasomeka: "MAJEMBE MAPYA YA TIMU YETU: BEKI, KIUNGO NA WINGA." Yule mama kapita, kasoma mpaka mwisho, kaniuliza hiyo winga inalima kina gani.