Harufu ya mkojo wa paka kwenye nyumba ya kuuza: tuoshe, tupige rangi au tushushe bei?

Chumbageni (mleta mada)

Wakuu, salaam. Tunauza nyumba ya marehemu mama hapa Tanga. Vyumba vitatu na sebule, sakafu ya niru (saruji laini ya juu) nyekundu ya zamani, milango ya mninga, uani kuna mwembe. Mama alifuga paka maisha yake yote. Mwishoni walikuwa saba, na miaka miwili ya mwisho hakuwa tena na nguvu za kuwafuata na ndoo na fagio. Paka tumeshawagawa kwa majirani na ndugu. Harufu imebaki.

Wamekuja wanunuzi watatu. Wa pili alikuwa mama mmoja na bintiye. Alipovuka kizingiti cha chumba cha nyuma tu, akainua ncha ya mtandio akaziba pua, akasema "asanteni," akatoka. Hata bei hakuuliza. Iliniuma, maana nyumba ni imara, na ni ya mama.

Kaka anasema tupige rangi tu yaishe. Dada anasema tuoshe kwa siki, tufukize udi kila wageni wanapokuja. Dalali anasema tushushe bei tuuze ilivyo. Aliyepitia hili anisaidie: kipi kilifaa, na kipi kilikula hela bure?

Binti Mrima

Poleni sana, Mungu amrehemu mama. Mimi naanza na la udi kwa sababu nimelifanya. Tulipouza nyumba ya shangazi tulifukiza udi na ubani asubuhi na jioni, wiki nzima. Harufu mbili zikakaa chumba kimoja, na ile mbaya ikawa nzito zaidi. Mzee mmoja aliyekuja kuangalia alikaa barazani kimya, kisha akaniuliza kwa upole, "Binti, mnaficha nini?" Mtu wa pwani anajua udi unafukizwa wakati gani. Akiukuta saa sita mchana kwenye nyumba isiyo na mtu, lazima ashtuke. Acheni madirisha wazi, nyumba inuke kama nyumba.

Daktari wa Mifugo

Mkuu, ukijua unapambana na nini utachagua vizuri. Mkojo una urea. Bakteria wakiivunja inatoka amonia, hiyo inayochoma macho, nayo ukiosha na kupitisha hewa inaondoka. Inayowashinda watu ni asidi ya uriki. Inaganda kuwa chembe ndogo ngumu ndani ya saruji, mbao au godoro, na maji matupu hayaiyeyushi vizuri. Jua likiwaka inatulia. Unyevu ukiingia harufu inapanda tena. Ndiyo maana nyumba iliyokuwa na nafuu Januari inanuka upya masika yakianza. Msiipime siku kavu mkasema imepona.

Jambo jingine: walikuwepo madume wasiohasiwa? Hao hawachuchumai tu, wanarusha mkojo kwa nyuma kwenye kitu kilichosimama. Mkojo wao una felinini kwa wingi, ambayo ikioza inatoa harufu ya salfa. Kwa hiyo msiangalie sakafu peke yake. Kagueni kuta, pembe za kabati na miimo ya milango, kuanzia chini hadi usawa wa goti.

Na hili naomba lisomwe na kila mtu: msimwage jiki kwenye mkojo wa siku nyingi. Klorini ikikutana na amonia inatoa hewa ya kloramini inayoumiza mapafu. Jiki na siki pia ni marufuku kukutana, hapo mtapata gesi ya klorini yenyewe. Nimeona mtu aliyetolewa chooni akikohoa hadi akashindwa kusimama.

Fundi Rangi

Kaka yako asiharakishe. Rangi ya maji haizibi harufu. Tena maji yaliyomo ndani yake yanakwenda kuulowesha ule mkojo ukutani, wiki ya pili unanuka kuliko mwanzo, na doa la njano linatoka juu ya rangi mpya. Nimeitwa mara mbili kurudia kazi ya namna hiyo, na mwenye nyumba kalipa mara mbili.

Rangi inakuja mwisho. Osheni, mkaushe kabisa, siku kadhaa madirisha wazi, halafu praima ya shelaki, ile inayochanganywa na spiriti. Hiyo ndiyo inafunga harufu kweli. Ikishakauka ndipo mpake rangi mnayoitaka. Spiriti inashika moto upesi, kwa hiyo jiko lizimwe na pasiwe na mtu wa sigara.

Kuhusu niru, fanya hivi: mwaga matone ya maji sehemu unayoishuku. Yakikaa juu, mkojo haukwenda mbali. Yakinyweka mara moja, jua na mkojo uliingia. Dawa ikishindwa mara mbili tatu hapo, gonga niru kwa patasi, toa mpaka ufike palipo safi, piga niru mpya. Mara nyingi ni eneo la mita moja au mbili, si chumba kizima. Atakayekwambia sakafu yote ivunjwe, mwombe akuonyeshe kwa nini.

Mama wa Paka Watano

Dada yako wa siki nimwambie kwa mapenzi: siki ni asidi na inakula saruji. Kwenye terazo na marumaru ndiyo kabisa, inaacha madoa mepesi yasiyotoka. Siki ibaki kwenye mapazia na mashuka, nusu siki nusu maji. Ile soda ya unga ya kuumulia maandazi inavuta harufu iliyo juu juu, haifiki chini.

Vilivyonisaidia mimi ni viwili. Cha kwanza ni dawa ya vimeng'enya, ya maji, wanauza wenye maduka ya vifaa vya wanyama Dar. Vimeng'enya vinaivunja ile asidi aliyoitaja daktari, lakini vinataka muda na umajimaji. Watu wanapuliza kidogo, wanafuta, kisha wanasema dawa ni feki. Mwaga hadi ifike ulikofika mkojo, funika kwa nailoni, acha usiku kucha. Na kabla ya hapo suuza kwa maji mengi. Pakiwa na mabaki ya jiki au dawa ya kuua vijidudu, vimeng'enya havifanyi kazi.

Cha pili ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa. Ni rahisi kupata na inafanya kazi haraka, ila inaweza kupausha rangi. Jaribu kwanza nyuma ya mlango. Usiichanganye na siki, na ukiitia soda na sabuni tumia papo hapo, usifunge kwenye chupa, inatoa hewa na itapasua chupa.

Nyumba za zamani zina kitu kingine: polishi nyekundu. Mama zetu wameipaka miaka thelathini, tabaka juu ya tabaka. Dawa haipiti hapo. Sugueni polishi itoke kwanza kwa maji ya moto na brashi ngumu.

Na msikague kwa pua zenu, zimeshazoea. Tafuteni tochi ya urujuanimno, hiyo wenye maduka wanayoangalizia noti bandia. Ingieni usiku, zimeni taa. Mkojo mkavu unang'aa kijani-njano. Sabuni ya unga nayo inang'aa, kwa hiyo inameni mnuse kabla ya kuweka alama ya chaki.

Natafuta Nyumba

Mimi niko upande wa pili, nanunua. Kushusha bei peke yake hakunisaidii, kwa sababu sijui nitakayokuta chini ya sakafu, kwa hiyo nitakata zaidi ya gharama halisi. Halafu wengi wetu huku tutataka kuswali humo. Paka si najisi, lakini mkojo wake ni najisi. Ukiniambia ulikuwa pale na pale, tumeosha hivi, tumebadilisha hiki, moyo wangu unatulia. Angekuwa mbwa wa ndani ningeuliza zaidi, maana sisi wa madhehebu ya Shafi tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Usimwachie mtu agundue mwenyewe baada ya kuhamia.

Chumbageni (mleta mada)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Tochi tuliazima kwa mwenye duka la jirani. Tuliingia mimi na dada saa tatu usiku, na nilivyotarajia sivyo nilivyoona. Sebule karibu yote ilikuwa safi. Chumba cha nyuma, mwimo wa kushoto wa mlango uling'aa kutoka chini hadi gotini, mistari mistari kama maji yaliyotiririka. Ukutani nyuma ya kabati la nguo, hivyo hivyo. Sakafuni, kona moja tu, pale mama alipokuwa anaweka kiti chake.

Polishi tuliisugua siku mbili. Vimeng'enya mara mbili kwa usiku mzima. Ukuta ukakauka, ukapakwa shelaki kisha rangi. Kona ya sakafu ilinuka tena mvua iliponyesha, fundi akagonga niru kama mita moja, akapiga mpya. Haifanani rangi na ya zamani, na tumeamua kutoificha kwa polishi. Mwimo haukukubali, mbao ilikuwa imekunywa hadi ndani. Tumetoa fremu nzima na kuweka nyingine. Mapazia na godoro tumechoma. Gharama yote haikufika hata robo ya punguzo alilolitaka dalali.

Jana imenyesha usiku kucha. Asubuhi nilimwita jirani ambaye hajawahi kuingia, nikafungua mlango wa chumba cha nyuma nikamwacha atangulie. Akaniuliza kama tumejenga humo kitu, anasikia harufu ya saruji mbichi.

Yule mama wa mtandio nimempigia mwenyewe, nikamweleza kilichokuwepo na tulichofanya, hadi ile kona. Amesema atakuja Jumamosi na bintiye.