Kumtetea mnyonge: ni wajibu wa kila Mkristo, au tuwaachie viongozi na maombi?

Wapendwa, naleta hoja hii tubishane kwa upendo. Kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia tulifika Mithali 31:8, "Fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu", tukagawanyika. Wengine wakasema maneno yale mama alimwambia Lemueli, na Lemueli alikuwa mfalme. Wewe ambaye hata kwenye kamati ya usafi humo, yanakuhusu nini? Sisi wengine tukasema yanamhusu yeyote mwenye mdomo.

Hoja ya mfalme siidharau. Mfalme ndiye aliyekuwa mwamuzi, neno lake lilikuwa hukumu. Lakini someni Isaya 1:17, "mteteeni mjane", halafu mrudi mstari wa 10 muone anaambiwa nani: waamuzi, na watu pamoja nao.

Kuna waliotoa Kutoka 14:14, "Bwana atawapigania ninyi, nanyi mtanyamaza kimya." Mstari huu tumeugeuza godoro. Unaofuata, Mungu anamuuliza Musa, "Mbona unanililia mimi?", kisha anamwambia awaambie watu waendelee mbele.

Tatizo jingine ni mifano tunayochagua. Ukitaja utetezi, watu wanamkumbuka Janani Luwum, askofu mkuu wa Uganda aliyeuawa Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Tunamheshimu, halafu tunashusha pumzi: hayo ni ya mashujaa, si yetu.

Mimi nampenda Ebedmeleki wa Yeremia 38. Mkushi, towashi, mtumishi tu katika nyumba ya mfalme. Alisikia Yeremia ametupwa kwenye shimo la matope, akamfuata mfalme langoni akasema wazi kwamba waliofanya vile wamefanya vibaya. Akapewa watu 30. Kisha, na hapa ndipo huwa nasimama, akapitia chini ya hazina akachukua matambaa makuukuu, akayashusha kwa kamba na kumwambia Yeremia ayatie makwapani ili kamba isimchubue. Kusema alishasema, bado akawaza makwapa ya mtu.

Mimi sikuwaza. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye kikao cha washirika, nilisimama nikasema mama anayetufanyia usafi hajalipwa miezi mitatu. Ushahidi nilikuwa nao, na hasira niliyoiona takatifu. Watu wote wakageuka kumtazama. Alikuwa kiti cha nyuma, kitambaa cha vumbi mapajani; akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Baadaye akaniambia, "Mwanangu, ungeniuliza kwanza." Kumbe alishazungumza na mhazini, wakaelewana alipwe kidogo kidogo. Baada ya kikao mhazini alinuna, malipo yakazidi kuchelewa, na mimi nikasifiwa kwa ujasiri.

Kwa hiyo, ndiyo, nasema ni wajibu wa kila siku. Ila lile neno "sauti ya wasio na sauti" siku hizi linanikwaza. Bartimayo, yule kipofu aliyemwita Yesu njiani, alikuwa na sauti, tena ya kutosha njia nzima. Marko 10:48 inasema wengi walimkemea ili anyamaze. Hao wengi walikuwa kwenye msafara wa Yesu! Naye Yesu akasimama, akaagiza aitwe, akamuuliza anataka afanyiwe nini. Upofu wake kila mtu aliuona, bado aliulizwa.

Kazi yetu nyingi iko hapo, na haihitaji cheo. Dada wa kazi anatukanwa mbele ya wageni, unasema "hapana, hilo si sawa" hata kama mwenye nyumba ni rafiki yako. Mwenye kigugumizi anakatizwa kikaoni, unasema mwacheni amalize. Utani wa kumdhihaki mlemavu unapita kwenye kundi la simu, unaukataa palepale badala ya kuweka emoji ya kicheko.

Kuombea? Ombeni sana. Lakini nimewahi kumsikia mtu akitajwa jina na aibu yake yote kwenye maombi ya pamoja, bila ruhusa yake. Hilo nalo mnaliitaje?

Ninapokwama ni hapa, na ndipo nawataka. Mtu mzima akikwambia "usiseme", unaheshimu. Mtoto anayeumizwa akikuomba usimwambie mtu, mimi nitasema, tena kwa wenye mamlaka ya kumlinda. Je, mke anayepigwa, mwenye akili zake timamu, anayekusihi unyamaze? Walio upande wa "tumwachie Mungu" waanze wao.