Naomba ushauri: kipimo cha PET cha mama kimeahirishwa

Wakuu, mama yangu ana saratani ya titi na ameandikiwa kipimo cha PET (picha ya mwili inayotumia dawa ya mionzi kuonyesha saratani ilipo). Juzi alifunga tangu usiku, kanula (mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani) tayari mkononi, tukaambiwa dawa ya mionzi haikupatikana: saiklotroni, mashine inayoitengeneza, imeharibika. Nimeelewa kwamba florini-18, yaani kiini chenye mionzi ndani ya dawa hiyo, hutengenezwa siku hiyohiyo, kwa kupiga protoni kwenye maji maalumu, na kila dakika 110 nguvu yake hupungua nusu, hivyo haiwekeki akiba. Ila mama ana kisukari. Alitetemeka mpaka tukampa chai. Mliopitia haya, mliombaje miadi ya asubuhi? Na kipimo cha mifupa cha teknishiamu (dawa nyingine ya mionzi) kinatosha kuanzia, au tusubiri? Daktari tunamwona Jumatatu, nataka niende na maswali ya maana.