Umbali ukizidi mara tatu, kwa nini kani ya umeme inashuka mara tisa?

MamaNtilieJr: Wakuu, habari zenu. Namsaidia mdogo wangu wa kidato cha tano, tumekwama. Vitufe viwili vyenye chaji vinasukumana kwa kani ya nyutoni 0.36. Umbali ukifanywa mara tatu, kani inakuwa ngapi? Yeye anapata 0.12, kitabu kinasema 0.04. Kanuni anayo kichwani (kani hupungua kwa mraba wa umbali, yaani umbali mara umbali), lakini kila akifika hapo anagawa kwa tatu. Nimweleweshe vipi?

FundiSaketi: 3 kipeo cha pili ni 9. 0.36 gawa kwa 9. Basi.

TichaWaZamu: Mkuu, huko ndiko kukariri kwenyewe. Mwambie achore tufe lenye chaji katikati. Nguvu ya chaji ile inasambaa kwenye ganda lote la tufe. Nusu kipenyo kikiwa mara tatu, ganda linakuwa na eneo mara tisa, kwa hiyo kila kipande kinaambulia sehemu moja ya tisa.

Halafu mpe vipimo vya Coulomb mwenyewe, Mfaransa aliyeipima kanuni hii, 1785. Alining'iniza ufito kwa waya mwembamba wa fedha, kitufe kimoja kikiwa nchani, cha pili kimetulia pembeni. Kadiri waya unavyosokotwa ndivyo kani ilivyo kubwa, na vyote vinapimwa kwa nyuzi (digrii). Pengo kati ya vitufe 36, msokoto wa waya 36. Pengo 18, msokoto 144. Pengo 8.5, msokoto 575.5. Usimwambie kitu, mwache atafute uhusiano.

MamaNtilieJr: Kaupata, pengo nusu, kani mara nne, shukrani sana mkuu! Ila tumejaribu chanuo na vipande vya karatasi: kwa mbali kimya, ukikaribia kidogo tu vinaruka. Mbona kama inashuka kuliko hata mraba?

TichaWaZamu: Mmeona sawasawa. Karatasi haina chaji ya ziada. Chanuo linavuta chaji za upande wa karibu na kusukuma za upande wa mbali, na kinachobaki ni tofauti ndogo kati ya hizo mbili. Tofauti hiyo inakufa upesi zaidi. Kuuona mraba wenyewe, chukueni maputo mawili, yasugueni kwenye nywele, myaning'inize kwa uzi. Umbali pimeni kati kwa kati, si ganda kwa ganda.

FundiSaketi: Na mfanye siku kavu. Hewa ya Dar ikiwa na unyevu, chaji inavuja kabla hujashika rula.