Daftari la mhudumu limejazwa hadi jioni, na mimi nimeingia saa saba mchana. Nifanyeje?

Binti wa Tudor

Asalaam aleikum wanajamvi. Naomba ushauri, mnivumilie kwa urefu.

Mama yangu ana miaka 74. Kiharusi kilimpata mwezi wa nne, kikampooza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno. Anasikia, anafahamu, lakini kinachomtoka ni "ba, ba" tu. Tunakaa Tudor, Mombasa, ghorofa ya tatu, mama, mimi na wanangu wawili. Mimi ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na mshahara huo ndio unaolipa kila kitu, kwa hivyo kazi siwezi kuacha. Tukachukua mhudumu kwa wakala. Tunalipa 30,000 kwa mwezi, msichana analala hapa hapa, Jumapili anapumzika.

Wakala walitupa daftari. Kila baada ya saa mbili msichana anaandika: kamgeuza mama upande gani, kamnywesha nini, nepi kaibadilisha saa ngapi, dawa ya presha kampa au la. Kila jioni nikirudi nilikuwa nalisoma na moyo unatulia. Mwandiko mzuri, hakuna mstari uliorukwa.

Ijumaa iliyopita mtandao ulipotea ofisini, tukaachiwa mapema. Nimefika nyumbani saa saba na nusu. Mlango umerudishwa tu. Mama yuko peke yake, amelala chali, shuka imelowa mgongoni. Daftari liko mezani, limejazwa hadi saa kumi na mbili. "Saa kumi jioni: kageuzwa kushoto. Ametulia." Saa kumi ambayo haijafika!

Nikamgeuza mwenyewe. Pale mgongo unapoishia, juu ya mfupa, pana doa jeusi kuliko ngozi yake, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, na ukipagusa pana joto. Baada ya kama dakika kumi msichana akaingia na mitungi miwili ya maji. Sikumpigia kelele, nilikuwa natetemeka. Nimewapigia wakala, wanasema "tutakubadilishia kesho." Kubadilisha ndiyo dawa? Na huyo mwingine nitamjuaje? Mama hawezi kunisemea. Angekuwa na ulimi wake angeshaniambia zamani, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Nesi Mstaafu, Kisauni

Waaleikum salaam mwanangu, pole sana kwa mama.

Doa kwanza, daftari baadaye. Bonyeza kwa kidole, uachilie. Ngozi yenye afya hupauka kidogo kisha rangi ikarudi. Ikiwa haibadiliki hata kidogo, hicho ni kidonda cha kulala kimeanza, ijapokuwa ngozi haijapasuka. Tulifundishwa kutafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona weusi uliozidi au zambarau, utasikia joto, au pamekuwa pagumu kuliko pembeni yake. Wahudumu wengi hupapita hapo hapo wakisema "hakuna kitu". Wewe umepaona, alhamdulillahi.

Usipasugue. Usipake spiriti wala poda. Usimkalishe kwenye mpira wa duara wenye tundu katikati, unazuia damu. Asilalie hapo kabisa: mlaze upande, mto nyuma ya mgongo, umgeuze kila saa mbili, na visigino vining'inie kwa mto chini ya shavu la mguu. Upande uliopooza usimlaze muda mrefu, na usimvute kwa mkono huo, bega litateguka. Kisha funua shuka uangalie kama kuna nailoni chini yake. Watu huitandika kuokoa godoro, na kwa joto letu hili mgonjwa anashinda ndani ya jasho. Ngozi iliyolowa haichukui muda kuchunika.

Mwite nesi wiki hii amwone, mwenye leseni. Jina lake unaweza kulithibitisha kwenye tovuti ya Baraza la Wauguzi. Wengi wanaoletwa na mawakala si manesi, wamesoma miezi michache tu, na hilo si kosa lao, ila ujue unayemwachia mama ni nani. Ukiona usaha, harufu, homa, au mama akawa mzito wa kuamka, usisubiri hata kesho. Mpeleke hospitali.

Mhudumu, Likoni

Dada, hii ndiyo kazi yangu, mwaka wa sita sasa. Kuandika kabla ya kufanya ni uongo, na kwa mgonjwa asiyesema uongo huo unaweza kuua. Kwa hilo simtetei.

Lakini nikuulize. Maji ya ghorofa ya tatu hupandishwa na nani? Wanao wakitoka shule nani huwapikia? Na saa nane za usiku, saa kumi, nani huamka kumgeuza mama? Kama yote ni yeye, basi huyo mtu hana usiku wala mchana. Mimi nimewahi kusinzia nikiwa nimesimama, kikombe cha uji mkononi, mgonjwa kafungua mdomo ananingoja. Angepaliwa siku ile, ningeambia nini watu?

Pale nilipoanzia, wakala walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi, wanapiga picha daftari, mgonjwa hawamfunui hata shuka. Mstari mtupu, unakatwa pesa. Basi unajifunza kuandika. Muulize kwa upole analipwa ngapi katika hizo 30,000.

Na mfundishe leso. Kunja leso mbili, zipite chini ya mama kutoka mabegani hadi mapajani, halafu uvute leso, usimvute mtu. Ukimburuta, ngozi inachunika hapo hapo penye doa.

Kaka wa Majengo

Utaambiwa uweke kamera. Mimi niliweka kwa marehemu baba. Ilinionyesha mhudumu kaingia chumbani saa ngapi, mkono wake mzito au mwepesi haikunionyesha. Kisha nikagundua nywila inazunguka kwa ndugu zangu wote, na baba anaoshwa mbele ya macho ya watu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inataka wazee waishi kwa heshima na bila kudhulumiwa. Heshima hiyo niliivunja mimi mwanawe. Nikaing'oa. Kilichotusaidia ni shangazi na jirani kupita bila kupiga simu kwanza.

Cheti cha tabia njema cha polisi kidai, ni haki yako. Ila alama za vidole hazitakwambia kama mtu humgeuza mgonjwa.

Binti wa Tudor

Nimewasoma nyote, nikasoma tena usiku. Dada wa Likoni, maji ni yeye. Chakula cha watoto ni yeye. Usiku ni yeye. Na anapokea 14,000.

Nesi amekuja. Doa halipauki, hatua ya kwanza. Nailoni tumeitoa. Alipokuwa akimpima mama akamwambia ambonyeze kidole kwa mkono wa kushoto: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Miezi yote hii sikufikiria! Alipoondoka nikaketi kitandani nikamuuliza. Amewahi kukupiga? Mara mbili. Huachwa peke yako? Mara moja. Kila siku? Mara moja. Unataka aondoke? Alikaa kitambo, nikadhani hakunisikia. Kisha mara mbili.

Kwa hivyo wakala nimewaambia wasimbadilishe. Maji sasa kijana wa mkokoteni anayapandisha, namuongezea kidogo. Khalati yangu anavuka kutoka Likoni siku tatu kwa wiki, siku nyingine jirani wa chini anachungulia. Usiku tumegawana: hadi saa nane ni mimi, baadaye yeye. Daftari la wakala tumeliweka kabatini, tumenunua jingine lisilo na saa zilizoandikwa tayari.

Leo asubuhi nimekuta ameandika: "Saa kumi usiku: nimepitiwa na usingizi, sikumgeuza. Saa kumi na moja na robo: nimemgeuza kulia."